Aproni ya Vifungo

Jumatatu, tarehe tisa Februari. Manyunyu yalianza alfajiri, jua likachomoza katikati yake, na fundi cherehani mmoja akaingia chekechea akimburuta bintiye kwa mkono, dua mdomoni.

Binti huyo darasa zima lilimwita Kiroboto, maana hakuna aliyewahi kumwona ametulia. Mshauri wa watoto alikwisha sema: dalili za kushindwa kutulia na kuwa makini zipo, ila kwa mtoto wa miaka minne ni mapema mno kukata shauri. Mwalimu mkuu yeye alitaka kulikata leo. Kiroboto akishindwa kukaa na kujibu maswali, arudi nyumbani hadi mwakani.

Basi mama alikuwa amemshonea aproni nzito, mifuko imejaa vifungo, ili uzito umkalishe. Ee Mola, mtulize kidogo tu.

"Haya kaa, mama," mwalimu mkuu akamwambia mtoto, akimwonyesha kadi. "Hii rangi gani?"

Kiroboto akakaa! Mama akafumba macho kushukuru. Hapo hapo uzi ukakatika. Vifungo vikamwagika kama mvua ya mawe, na watoto wote wakajitupa sakafuni kwa yowe la furaha.

"Mama Kiroboto, umetufungulia duka?" akauliza mwalimu wa darasa, mbavu hana.

Sauti ya Kiroboto ikatoka chini ya meza. "Vyekundu huku! Wewe, hicho cha bluu, toa! Kimoja, viwili, vitatu…" Akafika kumi na viwili bila kukosea. "Mwalimu mkuu, umekanyaga cha kumi na tatu. Inua mguu!"

Mwalimu mkuu akauinua. Akiwa amesimama kwa mguu mmoja kama korongo, akaonyesha kadi yenye S. "Na hii herufi gani?"

"Sijui."

Moyo wa mama ukashuka hadi visiginoni.

"Ila ni nyoka!" Kiroboto akampanga nyoka wake kwa vifungo vya kijani, S iliyogeuzwa, kichwa kikiangalia upande usio wake.

Mwalimu mkuu akacheka hadi akayumba na kujishikiza ukutani. Alipopata pumzi, akamgeukia mama.

"Nasema mbele yako, mbele ya mwalimu wake na watoto hawa wote: huyu haendi popote. Herufi atajifunzia hapahapa sakafuni, na mimi nitakaa naye kila asubuhi."