Leza, Siyo Reza

Kama kuna mtu aliyewahi kulipia kuvimba, ni mimi, Nelima wa Matisi. Mchumba wangu ni Wakoli, na mamake alikuwa ameniona kwenye picha tu, na picha yenyewe simu ilikuwa imeilainisha mpaka mashavu yakawa kama yai la kuchemsha. Sasa Jumamosi nilitakiwa Bungoma, mama aniangalie kwa macho yake mwenyewe. Wakoli ni kitinda mimba. Mama akisema hapana, yeye hana mdomo. Basi nikakimbilia saluni ya Gladwell, mjini Kitale, nikachomwa leza, ule mwanga mkali wa kulainisha ngozi, ili uso ufanane na picha.

Kesho yake macho yalikuwa yamevimba, yamebaki nyufa tu, na mashavu yameiva kama nyanya. Daktari akasema nina rosasea, ngozi inayowaka upesi, na ile leza iliichokoza.

"Huyo wa saluni hakukuuliza kuhusu ngozi yako?"

Aliniuliza harusi ni lini, basi.

Nilitaka kuahirisha safari. "Mama ashachinja jogoo, bana," Wakoli akasema. Nikavaa miwani nyeusi, tukaenda.

Mama alinikaribisha jikoni, alikokuwa akisonga ugali. Nilisimama karibu na sufuria kama mkwe mwenye bidii, mvuke ukajaa kwenye miwani, nikawa sioni kitu. Nikaivua niipanguse. Mama akaacha kusonga.

"Ni nani amekufanya hivi, mwanangu?"

Wakoli, mlangoni, akakimbilia kuniokoa. "Ni reza tu, mama!"

Wakoli na herufi l hawajawahi kuelewana.

"Reza? Ati umekata msichana wa watu na wembe?" Mwiko ukatoka na ugali wake wa moto, ukatua juu ya jicho lake.

"Si wembe, mama! Reza ya taa!"

"Na taa pia umempiga nayo?" Mwiko ukarudi tena.

Nikajitia katikati, nikasema yote: mwanga, saluni, picha. "Niliogopa ukiniona utanikataa, mama." Machozi yakanitoka, nayo yaliniuma vibaya sana.

Mama aliketi kwenye kigoda, mwiko mkononi.

"Ile picha ndiyo iliniogopesha," akasema. "Nilijiuliza, mrembo wa hivyo nitaongea naye nini? Lakini wewe, si tunaongea?"

Wakati wa kula, akachukua firigisi, ambayo katika nyumba zetu ni ya mwanamume na haina mjadala, akaiweka kwenye sahani yangu.

"Mama, si hiyo ni yangu?" Wakoli akauliza.

"Wewe ushakula mwiko."

Nikatafuna polepole. Wakoli aliniangalia kwa jicho moja, lile lililokuwa bado linafunguka.