Gundi Mbichi kwenye Viti vya Kikao

Tangu mke wangu afie kwenye benchi la hospitali, huku mganga mkuu akiwa kwenye kikao, nikisikia neno hilo mwili unaniwasha. Sasa binti yangu akaniletea kikao sebuleni.

Yuko chuo. Somo moja lilishamwangusha, na safari hii wamemwambia akianguka tena afungashe virago. Kazi ilitakiwa Jumatatu asubuhi. Basi Jumamosi akaja na wenzake wawili, eti wajiandae. Kwanza wakachaguana: kijana wa miwani akawa Mwenyekiti, binti yangu Katibu, na msichana mmoja mpole akapewa kazi ya kutazama saa. Wakachora ratiba kwa kalamu za rangi. Wakabishana kichwa cha habari kiwe cha bluu au cha kijani. Chai ikaisha, wakaahirisha mpaka ichemke nyingine. Nikajisemea, hawa wameshaiva, wapelekwe wizarani.

Mimi ni fundi viti. Walipotoka uani kupiga picha ya kamati, nikapaka gundi kwenye maungio ya viti vyote na kuvikaza kwa kamba. Havikuwa vimelegea sana, lakini nani angenikagua?

Waliporudi, Mwenyekiti aliuliza wakae wapi. Nikamwambia viti viko matengenezoni, akikaa ataondoka nacho hadi kwenye mahafali. Binti yangu akanikata jicho.

"Baba, unajua kabisa nikifeli hii narudi nyumbani."

"Kwani hiyo kazi inasemaje?"

Karatasi ya swali walikuwa wameiwekea birika juu, na hakuna aliyesoma kupita mstari wa kwanza. Miguu ilishaanza kuwauma, hamu ya kubishana imewaisha, kwa hiyo msichana mpole akaichomoa na kuisoma yote. Waende kwenye bomba la mtaa wakati maji yanatoka. Waangalie foleni, waongee na wachotaji. Mwisho, wamhoji mkazi mmoja mwenye malalamiko.

Idara ya maji hutufungulia Jumamosi tu, ikifika adhuhuri wanafunga. Wakubwa wao wana matangi, haraka ya nini. Na adhuhuri ilikuwa inabisha hodi.

Mwenyekiti akataka kwanza wakubaliane nani atangulie. Binti yangu alikuwa ameshafika mlangoni, anajiandikia maswali kiganjani. Nikawawahi na ndoo zangu, moja moja kila mtu.

"Mkienda mikono mitupu, watu watadhani mmetumwa na wakubwa. Hawatawaambia kitu."

Walirudi wamelowa mpaka magotini. Ndoo zimejaa, na karatasi za binti yangu zimejaa pia, maana akina mama kwenye foleni walikuwa na mengi na wala hawakuhitaji kubembelezwa. Maji yalikatika wakati wao wanajitwika.

"Bado mkazi mwenye malalamiko," Mwenyekiti akasema, akijifuta miwani. "Tutampata wapi saa hizi?"

Binti yangu alinigeukia, akafungua ukurasa mpya, na nikaona anajizuia kucheka.

Miaka yote tangu msiba ule nimezunguka ofisi za wakubwa na malalamiko yangu, hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza. Nikakohoa, nikafunga vifungo vya shati. Mwenyekiti akavuta kiti.

"Gundi bado mbichi, mwanangu," nikamwambia. "Andika ukiwa umesimama."