Nilimpelekea Kogo Somo Lake

Krr, krr, krr. Kabla hakujapambazuka nilikuwa nasugua kibuyu kwa ufito, nikitayarisha mursik, maziwa yetu ya mgando, ya kumpelekea bibi mzee wa kijiji, Kogo Tapkigen. Mtu haendi mikono mitupu kwa mwalimu aliyemfunda, hata kama anaenda kwa ubaya.

Alikuwa ametuma neno. Mjukuu wangu Nelvine anaolewa Desemba, basi aletwe kwake afundwe, kama alivyonifunda mimi.

Nakumbuka alichotufunda tukiwa tumefungiwa ndani, vidonda vya tohara bado vibichi. Mwanamke mwema hana hamu. Bwana akija, geuza uso ukutani, nyamaza. Nikashika hivyo. Mzee wangu Alexander alikuwa mpole. Tukitoka kuchuma chai kwenye mvua, alinipashia mimi maji kwanza. Mara moja aliniuliza, "Mama Kimeli, kwani hunipendi?" Nilimpenda sana. Lakini niligeukia ukuta, nikanyamaza. Alizikwa bila jibu.

Hilo ndilo nililokwenda kulipiza.

Nilimkuta Kogo kitandani, macho hayaoni tena lakini ulimi mzima. Mke wa mwanawe, Syprose, aliyetoka kule ziwani, alikuwa anamnywesha uji.

"Msichana yuko wapi?" Kogo akauliza.

"Haji."

"Haji! Utampeleka kwa bwana hivyo hivyo, hajui kitu, hajatahiriwa?"

"Kogo, huyu anayekupangusa mdomo hakutahiriwa pia. Ulimkataza jiko lako kwa sababu hiyo. Mbona leo unameza uji wake?"

Syprose aliinama tu, akaendelea kumpangusa taratibu.

"Leo nimekuja nikufunde wewe," nikasema.

Nikasogeza kigoda karibu na sikio lake. Nikamwambia yote ambayo muuguzi aliwafundisha Nelvine na mchumba wake pale kanisani, wameketi benchi moja. Kwamba hamu ya mwanamke aliiweka Mungu. Kwamba anaweza kukataa. Kwamba anaweza hata kuanza yeye. Nilisema polepole, nikitazama uso wake ukikunjamana, na nikasikia raha. Kisha nikamwambia swali la Alexander.

"Ulininyima kumjibu mume wangu. Somo lako linaishia kwangu. Nelvine hatalisikia."

Kogo akageuza sikio upande wangu.

"Anaanza yeye?" akauliza. "Na bwana hamfukuzi?"

Syprose akafunika mdomo kwa leso. "Hamfukuzi, mama. Anafurahi sana."

"Wewe nyamaza, hukuulizwa." Halafu Kogo akasema, sauti imeshuka, "Mimi nilifundwa na mama yangu mwenyewe. Nilizaa tisa. Sikuwahi kumtazama usoni yule mzee tukiwa wawili."

Nilitafuta huruma moyoni nikaikosa. Nikasimama, nikajifunga shuka niondoke. Mkono wake ukapapasa hewani mpaka ukalipata pindo.

"Mama Kimeli, njoo tena kesho. Hiyo ya kuanza yeye, hukuimaliza."