Bakuli ya Mama Yoshie

Niwaambie ukweli: mama mukwe wangu alikuwa karibu kurudi Japani juu ya udongo. Si vita, si magomvi ya nyumba. Wa magomvi njo mimi, muulize Thierry, bwana yangu. Udongo tu.

Mama Yoshie aliolewa Walikale, akafinyanga kule maisha yake yote: bakuli za chai kama za kwao, lakini anachora juu yake miti ya pori ya kwetu. Papa mukwe alipokufa, tukamuleta huku kwetu Kirolirwe, Masisi. Akachota udongo ya hapa, akafinyanga, akachora vilima vyetu na ng'ombe. Jamani, zilipendeza! Tukazichoma kwa majani na kuni. Akamimina chai, chai ikapita chini, ikalowesha meza. Akajaribu tena na tena. Zote zinavuja.

Akaketi, akaniambia pole pole: « Mapendo, udongo ya huku inanikataa. » Halafu akamuomba Thierry amutafutie tiketi, arudi kwa dada yake.

Nilikasirika, sitaficha. Mama gani anakufundisha kazi, anakupenda kama mutoto wa tumbo yake, halafu anakuacha? Siku ya Mungu, akiwa kanisani, nikabeba bakuli yake nzuri kuliko zote, nikaitumbukiza katika sufuria ya uji mwepesi ya muhogo, nikaichemsha. Kwetu nyungu mupya inapikiwa uji kwanza. Inashiba, njo inaacha kunywa maji. Lakini bakuli ya chai, kitu anachoshika kama mutoto muchanga? Nilijua atanifokea.

Akarudi mapema. Akaona uji inatokota na bakuli yake iko ndani. Machozi yakamutoka.

« Mama yangu alichemsha zake katika maji ya muchele, » akasema. « Walikale udongo haikuvuja, sikuwa na lazima nayo. Nikasahau kabisa. »

Tukaiacha ipoe, tukaiosha, nikamimina chai. Tukakodolea meza macho kama wazazi wanaongoja matokeo ya Examen d'État. Meza ikabaki kavu.

Alikunywa yote, kisha akanishika mukono kwa mikono yake miwili. Namushukuru Mungu kwa yule mama, na hata kwa hii udongo yetu yenye kichwa ngumu.

« Mwambie Thierry aache kutafuta tiketi, » akasema. « Na wewe, leta sufuria kubwa. Hizi zingine zote ziko na njaa. »