Boti Isiyozimwa

Mimi sijui kukaa kitako. Mama husema nilizaliwa nikiwa na haraka, na kazi niliyoipata imenizidishia ugonjwa, maana mimi ndiye ninayekadiria mafuta na umeme utakaotumika gati la mafuta likishapanuliwa. Pampu mpya zitakula umeme kiasi gani, jenereta za dharura zitakunywa dizeli kiasi gani, na taa, na magari, na zile boti zinazovuta meli kubwa na kuzilinda zikiwa zimefungwa gatini. Kila kinachowaka na kila kinachozunguka kinapita mikononi mwangu kwanza. Hata nyumbani nikiona jiko limeachwa linawaka bure, siwezi kunyamaza.

Asubuhi ile mkuu wa mradi aliniita ofisini kwake. Ni mama mpole wa sura, lakini akikukazia macho unaanza kutafuta mlango uko wapi. Makadirio yangu yalikuwa mezani kando ya daftari la mafuta yaliyotoka ghalani, na kidole chake kilikuwa kwenye safu ya boti.

"Injinia, hii boti ya tatu ina nini? Zote tatu zina ukubwa mmoja na kazi moja. Hii inakunywa karibu mara mbili ya wenzake."

"Ni kuukuu kidogo," nilisema.

"Ukuukuu haufiki huko. Mafuta yanatoka ghalani, yanaingia kwenye boti hiyo, halafu sijui yanakwenda wapi. Makadirio yenye tundu kama hili siyapeleki popote. Nitawaita watu wa ulinzi."

Watu wa ulinzi hawaitwi kwa jambo jingine ila wizi. Na nahodha wa boti ya tatu ni kaka yangu, tumbo moja.

"Najua ni kaka yako," akasema, kama aliyenisoma. "Ndiyo maana nimekuambia wewe kabla yao."

"Nipe leo tu. Niende nikapime mwenyewe."

"Kabla hatujafunga ofisi," akasema, akarudi kwenye karatasi zake.

Nilishuka ngazi mbiombio, roho juu juu. Kaka yangu ana maneno mengi, ana mzaha usiojua msiba wala arusi, lakini mwizi? Njia nzima nilikuwa nikibishana naye kichwani, mara namtetea, mara namgombeza, hata mlinzi wa lango akaniuliza naongea na nani.

Tumaini langu lilikuwa moja. Pale gatini kaka wanamwita Usizime. Meli ikiwa inashusha mafuta, lazima boti moja iwe karibu nayo kwa zamu, ili moto ukizuka au kamba zikikatika iivute meli kutoka gatini mara moja. Wakati wa kungoja, boti ya zamu huzima injini, kwa kuwa injini isiyo na kasoro inawaka kwa kubonyeza mara moja tu. Manahodha wote huzima. Kaka hazimi. Tangu anapofika hadi meli inapoondoka, injini yake inanguruma, na watu wakimcheka anawauliza ni askari gani anayesinzia lindoni. Wao waliona ni bidii, na injini isiyovuta kitu waliamini inalamba kijiko tu. Mimi mwenyewe kwenye hesabu zangu niliiandikia boti ya zamu sifuri, maana ndivyo kanuni inavyosema. Sasa nilikuwa naomba kimoyomoyo kijiko hicho kiwe ndoo.

Nilimkuta kwenye chumba cha usukani, kofia kaisukuma kisogoni. Mbele yetu meli kubwa ilikuwa inashusha mzigo, mabomba yakitetemeka.

"Mdogo wangu!" akasema. "Leo umekuja kunipima presha?"

"Wanasema unaiba mafuta."

Nilikuwa nimepanga kuanza kwa salamu. Uso wake ulicheka kwanza, halafu ukaacha.

"Nani anasema?"

"Hesabu zangu."

"Basi hesabu zako hazina adabu." Akainuka, akanifungulia mlango wa chini. "Pima. Pima tangi, pima ndoo, pima hata soksi zangu. Fundi, mpishe mwizi mwenzangu apite."

Fundi wa injini ni mtu wa maneno machache, na siku hiyo aliyapunguza zaidi. Alinionyesha bomba la kioo lililo ubavuni mwa tangi, linaloonyesha mafuta yamefika wapi, kisha akajiondokea. Nikaweka alama ya chaki. Nikangoja. Nilipanda juu, nikashuka, nikapanda tena, nikahesabu vyombo vya kuzimia moto, nikamwuliza fundi habari za watoto wake mara mbili. Kila niliposhuka mafuta yalikuwa yameteremka chini ya chaki, tena si haba. Nilipoona muda unatosha nikapiga hesabu kwenye simu, nikairudia, nikaizidisha kwa zamu zote za boti ile.

Ilikaa sawasawa. Dizeli yote iliyotoka ghalani ilikuwa imeunguzwa palepale, ubavuni mwa meli, ikingoja.

Nilipanda juu nikamkumbatia kaka kwa nguvu hata kofia ikaanguka. Nilikuwa na furaha ya kipumbavu, ile inayokufanya ucheke huku unapenga kamasi. "Si mwizi!" nikamwambia, kana kwamba yeye ndiye aliyekuwa na wasiwasi.

"Nashukuru kwa taarifa," akasema.

"Sasa zima injini kidogo, nipime jenereta ya taa na redio peke yake. Nikitoa hiyo, nimemaliza."

"Umeshapata ulichotaka."

"Mkuu ataniuliza. Dakika chache tu, kaka."

Hapo ndipo alipoanza kunipiga chenga. Akauliza mama anaendeleaje na goti, wakati jana walikuwa pamoja. Akataka kujua kama nimekula. Akasema wifi yangu ananilalamikia siku hizi siendi kwao. Kaka yangu anajua kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa, lakini mimi nimelelewa naye. Niligeuka nikamtazama fundi. Alikuwa mlangoni anafuta spana kwa kitambaa, na spana ilikuwa inang'aa tangu zamani.

"Fundi, mara ya mwisho mmeizima lini mkiwa zamu?"

Fundi alimtazama kaka.

"Haiwaki?" nikauliza.

"Inawaka," akasema kaka. "Ikipenda."

Fundi akaweka spana chini. "Ikiwa ya moto haina neno, dada. Ikizimwa ndiyo taabu, lazima uibembeleze. Siku nyingine inakubali upesi. Siku nyingine tunahangaika nayo tangu alfajiri, watu hawajafika, ndipo ikubali."

"Na hamkusema?"

"Tuseme tuuzwe chuma chakavu?" kaka akadakia. "Nyie mnapanua gati. Boti mpya zinakuja, na vijana wake wenye vyeti vipya wanakuja nazo. Mimi najua boti hii tu. Unataka nimwage unga kabla ya siku zangu?"

"Na ikijizimikia yenyewe, meli ikishika moto?"

"Haijawahi."

"Nakuuliza ikijizimikia."

Kaka akageuka kutazama meli. Kwenye sitaha ya meli baharia mmoja alikuwa anaanika mashati yake kwenye kamba, anayanyoosha mikono vizuri, anapiga mluzi. Nyuma ya gati matangi yalikuwa yamejaa, na nyuma ya matangi kulikuwa na mapaa ya nyumba za watu. Wote walidhani wanalindwa.

"Andika ni tahadhari," kaka akasema taratibu. "Nahodha anaacha injini ikiwaka kwa tahadhari. Si uongo sana, mdogo wangu. Kwenye makadirio yako ongeza dizeli ya zamu, basi, tundu limezibika. Mwizi hayupo, na boti ipo."

Sitaficha, neno hilo lilinitamanisha. Lilikuwa zuri, lilikuwa limevaa tai. Mkuu angelisoma akaitikia kwa kichwa, ameridhika, tena pengine angewaambia manahodha wengine waige. Kaka yangu alinibeba mabegani nilipokuwa siwezi kuvuka mtaro. Nilimwonea huruma iliyoniuma kifuani, na papo hapo nilitamani kumzaba kofi.

"Siwezi, kaka."

"Utaandika nini?"

"Sijui. Nitaandika… injini inahitaji uangalizi. Nitatafuta namna." Nikaanza kuzunguka chumba kile kidogo, hatua huku, hatua kule, nikijaribu maneno kwa sauti: uangalizi, ukaguzi, marekebisho madogo. Kila neno nililolishika lilikuwa ni lile lile la tahadhari limebadilishwa shati tu.

Kaka alinitazama nikizunguka. Alinitazama kwa muda, bila mzaha usoni, nikaona jinsi alivyozeeka machoni. Kisha akanyoosha mkono akazima injini.

Kimya kile kilinishtua. Sikuwahi kuisikia boti ile ikiwa imenyamaza. Mluzi wa baharia ulisikika waziwazi, na maji yakigonga ubavuni. Fundi alisimama wima mlangoni kama mtu aliyeitwa jina.

Kaka akabonyeza kitufe cha kuwashia. Injini ikakohoa, ikajitikisa, ikatulia. Akangoja, akabonyeza tena. Haikukohoa hata kidogo. Fundi akataka kushuka chini, kaka akamzuia kwa kiganja, akachukua redio.

"Gati, hapa boti ya tatu."

"Sema, Usizime," sauti ya kijana wa zamu ikajibu, ina kicheko ndani yake.

"Simamisheni pampu. Boti ya zamu haina injini. Narudia, haina injini."

Kicheko kikakatika. "Nimepata. Tunasimamisha. Boti ya pili inakuja." Tukasikia karatasi zikifunuliwa. "Nahodha, niandike hitilafu imeanza saa ngapi?"

Lilikuwa swali la kawaida, wanaliuliza kila mara. Angeweza kusema sasa hivi. Injini ilikuwa imezimika sasa hivi, na mashahidi tulikuwepo, na hakuna ambaye angemlaumu nahodha kwa injini iliyomfia mikononi siku hiyo hiyo. Nilimtazama nikitaka aseme hivyo. Naapa nilitaka.

"Mwaka juzi," kaka akasema.

Pampu za meli zikaanza kupunguza mngurumo, na mabomba yakaacha kutetemeka. Baharia aliacha mashati yake akaja ukingoni kuchungulia kuna nini.

Kaka akairudisha redio mahali pake, akaokota kofia yake sakafuni, akaikung'uta.

"Haya, nenda kapime," akaniambia. "Si ulitaka izimwe?"

Nilishuka hadi kwenye tangi, nikatoa chaki mfukoni. Nikachora alama mpya kwenye bomba la kioo, chini ya ile ya kwanza.