Cheti cha Mama Chaki

Saa mbili asubuhi Mama Chaki alikuwa amekwisha kufuta pua kumi na tisa, na nyingine kumi na mbili zilikuwa kwenye foleni. Kamasi, tofauti na wakubwa, hazijui kuchelewa kazini. Darasa lilikuwa ghala la zamani la vitunguu nyuma ya soko. Harufu ilikataa kuhama, hivyo watoto walisoma irabu huku wakitokwa machozi, kama wasomi waliolemewa na elimu.

Miaka minne nyuma alikuwa akiuza vitunguu humohumo. Siku mtoto wa muuza nyanya alipoopolewa mtaroni, amevimba, mama yake bado kashika mizani, Mama Chaki aliacha biashara, akafagia ghala, akasema: "Leteni." Wakaleta. Yeye aliyekuwa hana mtoto wala wa kumjulia hali akapata ndugu soko zima. Akiugua, foleni ya kumpa pole ilishinda ya zahanati.

Kisha akaingiwa na tamaa ya haki, ugonjwa mbaya kwa maskini. Alipita meza kwa meza na karatasi na kidau cha wino. Ombi lilikuwa fupi: kila mtoto mdogo apate darasa lenye choo na mwalimu mwenye cheti.

"Cheti cha nini?" muuza nyanya aliuliza, kidole gumba hewani. "Wewe unacho?"

"Sina. Ndiyo maana naomba. Wakikubali, si watanipeleka kusoma?"

"Haya, mwenzangu. Ukimkabidhi fisi bucha, usirudi kuhesabu nyama."

Lakini alibonyeza. Vidole mia nne na sita vilibonyeza. Na Serikali, maajabu hayo, ikasikia.

Leo ilimtuma Afisa, viatu vikimeta hadi watoto wakainama kujitazama meno. Nyuma yake alisimama seremala na mbao mbili.

"Shikamoo, mgeni wetu!" watoto waliamkia kwa pamoja.

"Marahaba, marahaba. Mama, hongera. Ombi lenu limekuwa sheria."

Mlangoni, muuza nyanya alipiga kigelegele, cha kwanza tangu msiba wake.

"Sasa, mama, cheti chako?"

"Ndicho ninachokisubiri, mheshimiwa. Chuo mnanipeleka lini?"

"Chuo kinapokea waliomaliza kidato cha nne."

"Mimi niliishia darasa la tano."

"Na choo?"

"Tunatumia cha soko."

Afisa alitikisa kichwa kwa huzuni ya kiofisi, akafungua jalada. "Basi sheria inalifunga darasa hili. Si mimi, mama, ni ninyi. Tazama, sahihi ya kwanza ni yako."

Ilikuwa yake kweli, kwa mwandiko wa kujivunia.

"Watoto waende wapi?"

"Darasa la serikali lipo kwenye mpango."

"Huo mpango una mlango?" muuza nyanya alifoka.

"Mama, usiingilie sheria."

"Niingilie mara ngapi? Kidole changu kimo humo!"

Watoto walitolewa wawili wawili, wameshikana mikono, kimya, kama walivyofundishwa. Wazazi walikuja mbio kutoka mezani. Muuza samaki alimvuta mwanawe kwa nguvu, bila kumtazama Mama Chaki usoni.

"Tulikuwa tumekaa zetu salama," alisema. "Ni wewe na cheti chako."

Hata muuza nyanya aliinamisha kichwa.

Seremala, mikono ikizishikilia mbao kwenye mlango uliofungwa, alikosa pa kuweka misumari. Afisa akaimwaga kwenye viganja vya binti wa miaka minne. "Mpe mjomba mmoja mmoja, mwanangu."

"Moja," alisema mtoto, akatoa. Nyundo ikalia. "Mbili." Akaenda hivyo hadi saba, bila kuruka hata moja.

Afisa alifurahi kwa dhati. Akachuchumaa, akampapasa kichwa. "Huyu ana akili! Nani kamfundisha?"

Mtoto aligeuka, akamnyooshea Mama Chaki kidole kwa fahari. Kisha akamgeukia seremala.

"Nane," akasema.