Kidonda cha Alhamisi

Alhamisi ilikuwa siku ya watoto wa chuo. Walivuka barabara na makoti yao meupe, wanafunzi wa udaktari wa chuo kikuu cha serikali, wakaingia nyumba kwa nyumba mtaa mzima, bure, na tusiwaonee, kazi walikuwa wanaifanya. Fundi cherehani, mzee mwenye sukari na kidonda sugu unyayoni, alipangiwa binti mmoja ambaye mzee mwenyewe alimbatiza jina la Miwani. Binti alikuwa na mkono mwepesi. Alikisafisha kidonda, akakifunga, huku akimtania mzee kwamba mguu ule ndio mtihani wake wa mwaka.

Siku moja akakuta jirani amekipaka unga wa majani. Akawaka.

"Babu, nisikilize. Asikuguse mtu mwingine hapa. Hiki kidonda ni changu, sawa?"

"Sawa, daktari wangu," Fundi akajibu, uso umemchanua kama aliyepewa cheo.

Basi wahadhiri wakagoma, chuo kikafungwa, wanafunzi wakarudishwa makwao. Nani angejisumbua kuwaambia watu wa mtaani? Alhamisi hiyo Fundi alikaa mlangoni, mguu juu ya kigoda, beseni la maji ya uvuguvugu kando. Na iliyofuata vivyo hivyo. Mkewe akaenda kuuliza getini, na mlinzi akamwambia kitafunguliwa kikifunguliwa.

"Mume wangu, twende zahanati."

"Nimekatazwa."

"Umekatazwa na mtoto!"

"Na daktari wangu. Atakuja. Wewe una haraka gani na mguu usio wako?"

Mkewe akanyamaza, na kunyamaza huko alikuja kukujutia mpaka basi. Harufu ilianza kidogo kidogo. Wateja wakawa wanakabidhi vitambaa vyao wakiwa wamesimama nje, wakisingizia haraka. Kisha homa ikampanda mzee, akaanza kuweweseka, na hapo mama wa watu akaona liwalo na liwe. Akamdanganya.

"Miwani karudi. Yuko hospitali kuu, anakusubiri wewe tu."

Jamani, mzee aliinuka mwenyewe! Akaomba na shati lililopigwa pasi.

Walimkata chini ya goti siku hiyohiyo. Alipozinduka, swali lake la kwanza lilikuwa moja: "Ni yeye aliyenikata?"

Mkewe alitazama jinsi shuka lilivyolala bapa pale palipokuwa na mguu uliokanyaga cherehani na kusomesha watoto wao wote.

"Ni yeye," akasema. Angesema nini?

Chuo kilipofunguliwa, Miwani alikuja mbio, boksi la bandeji kwapani, anacheka. Mke wa Fundi akamkuta mlangoni. Alitaka kumweleza yote, na alitaka pia kumzaba kofi, lakini hakuwahi hata kimoja, maana sauti ilishatoka ndani.

"Mjukuu wangu! Pita, usiogope. Sina kinyongo. Afadhali ulikata wewe kuliko watu nisiowajua."

Binti akatazama pale pasipo na mguu, kisha akamgeukia bibi. Bibi akamwomba kwa macho.

"Pole, babu," Miwani akasema, machozi yakimlengalenga, akapiga magoti ili aangalie mshono.

"Huo umepona, achana nao." Fundi alikuwa na furaha, furaha ya kweli, ambayo mkewe alishasahau inafananaje. Akainama, akaanza kuvua soksi ya mguu uliobaki, taratibu, meno kayauma. Soksi ikatoka na kipande cha ngozi.

"Huu umeanza nilipotoka hospitali," akasema. "Hajaugusa mtu. Hata mke wangu hajui. Nimekutunzia wewe."